Maswali na Majibu: Kulitazama Ziwa Tanganyika kutoka Magenge ya Kigoma

Nakuja kutoka Dar es Salaam. Nipande kilimani saa ngapi nisikose machweo? (Msomaji wa Temeke)

Ndugu msomaji, mazoea ya Dar es Salaam yaache huko huko. Kigoma iko mbali magharibi ilhali saa yetu ni moja nchi nzima, hivyo jua huku huzama mnamo saa moja jioni, na mwezi Februari hukaribia saa moja na nusu. Anza kupanda saa kumi na moja, jua likiwa limepunguza ukali.

Nilisimama juu ya genge mwezi Agosti, milima ya Kongo sikuiona. Je, nilikosea mahali? (Msomaji wa Tabora)

Mahali hukukosea, ila msimu. Wakati wa kiangazi moshi wa nyika zinazochomwa, ukichanganyika na vumbi, hutanda juu ya maji na kuificha ng'ambo, ambayo iko umbali wa takribani kilomita 50. Rudi wakati wa mvua, uamkie genge asubuhi baada ya mvua kubwa ya usiku, nawe utaiona milima ile imejipanga wazi, mikunjo yake ikihesabika. Ukiwa hapo, angalia pia chini ya miguu yako: ziwa hili limo ndani ya Bonde la Ufa, na mteremko uliosimama juu yake hauishii majini, bali sehemu nyingi huendelea kushuka humo kwa ukali ule ule, hata kina kikubwa kabisa cha ziwa kikafikia mita 1,470. Kwangu mimi, jambo hilo linashinda machweo.

Taa nyingi zinazoonekana ziwani usiku ni za nini? (Msomaji wa Kasulu)

Ni za wavuvi wa dagaa, ambao huwavuta samaki kwa mwanga. Chagua siku za giza, kwa maana mbalamwezi ikiwaka wengi hupumzika. Ulizia kwanza kama uvuvi haujafungwa, kama ulivyofungwa mwaka 2024 kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti.

Naweza kwenda na watoto? (Mama wa Mwanga)

Unaweza, mama, mradi uwashike mikono. Baada ya mvua udongo wa ukingoni hulegea na mawe huteleza; na anayepiga picha asirudi kinyumenyume, hata kama ni baba yao.