Mnaotaka kusoma habari kimataifa, anzeni na sikio

Kila wiki lazima nipate meseji mbili tatu za vijana, "kaka shikamoo, nataka kuwa mtangazaji wa kimataifa nifanyeje", na wengi wanaambatanisha klipu wamejirekodi bafuni maana mwangwi wa kule unanenepesha sauti. Sauti ziko poa, wengine mmenizidi kabisa na sisemi kukupakeni mafuta. Ila kwenye klipu zote hizo sijaona hata mmoja anamsikiliza mtu, wote wanaongea tu.

Ukikaa kwenye ile meza unakuwa na kidude sikioni kinakuunganisha na chumba cha uongozaji, na humo kuna dairekta, prodyuza na mtu wa kuhesabu muda, na wanakuongelesha huku wewe unasoma. Stori ya nne imeanguka nenda ya tano, jibu la mgeni limekuwa refu, mkatishe, bado sekunde ishirini, na mtazamaji kule Tandika asione hata jicho lako likicheza. Mdomo unafanya kazi moja, sikio kazi nyingine, na siku za mwanzo lazima utachanganya, mimi niliwahi kurudia hewani neno la dairekta, tena halikuwa neno zuri.

Nikupeni kisa. Novemba 2012, waasi wa M23 wameingia Goma, mashariki mwa Congo, mimi mgeni kwenye kituo kimoja cha nje, bulletini yetu ya Kiswahili inaingia hewani saa 18:00 GMT yaani Dar na Nairobi saa tatu usiku. Nikampigia mhadhiri mmoja Bukavu, hukohuko Congo, nikamwambia mzee tutakutafuta saa tatu, akasema sawa mwanangu, nikakata simu najiona nimemaliza. Sasa Bukavu wako saa moja nyuma ya Dar, saa tatu yetu kwake ni saa mbili, kwa hiyo mimi namkaribisha hewani kwa madaha yote yeye yuko mezani anakula ugali wake bila wasiwasi. Sikioni nasikia "hayupo, hapokei, vuta dakika mbili".

Dakika mbili bila maandishi ni ndefu jamani. Kilichoniokoa si sauti wala tai, ni kwamba mchana ule nilikaa nikasoma hiyo habari mpaka mizizi yake, nikajua kwa mfano hilo jina M23 limetokana na makubaliano ya Machi 23, 2009 kati ya serikali ya Congo na waasi wa CNDP, na kwamba hao wapiganaji walikuwa wanalalamika makubaliano hayo hayakutimizwa. Basi nikaanza kusimulia hivyo, taratibu, kama namweleza mama yangu, mpaka nikasikia "tunayo ripoti, nenda". Baada ya hapo kila mgeni namwambia saa ya kwake na ya kwetu, na namwomba anirudishie kwa mdomo wake.

Kuhusu njia ya kufika huko, wengi wenu mnadharau redio na hapo ndo mnakosea. Mtazameni Komla Dumor wa Ghana, aliacha masomo ya udaktari, akapikwa na kipindi cha asubuhi Joy FM pale Accra miaka kibao, BBC London alianzia redioni vilevile, na televisheni ya BBC World News ikaja 2009. Alifariki Januari 2014 akiwa na miaka 41 tu, na BBC wakaanzisha tuzo kwa jina lake, mshindi anakwenda kufanya kazi London miezi mitatu. Majirani zetu wameichukua kwelikweli, Nancy Kacungira wa Uganda ndo wa kwanza 2015, halafu Waihiga Mwaura wa Kenya 2018, Solomon Serwanjja wa Uganda 2019, Victoria Rubadiri wa Kenya 2020. Angalieni kazi zao kabla ya tuzo, wote walikuwa wanahangaika na habari zenyewe, si kuzisoma tu. Hata Zain Verjee aliyekuwa CNN, aliyeanzia Nairobi, Januari 2008 alipigwa na mkebe wa gesi ya machozi barabarani Nairobi hukohuko kwao akiripoti maandamano, kwa hiyo anayewaza ni kazi ya makeup na AC ajipange upya.

Kingine cha harakaharaka. Mgeni akiwa kwenye setilaiti, ile setilaiti iko kama kilomita 36,000 juu, swali lako linachelewa kufika na jibu linachelewa kurudi, ukiona kanyamaza usidakie, mtagongana mpaka aibu. Tarakimu kwenye autokyu, ile skrini inayokuonyesha maandishi ya kusoma, ziandike kwa maneno, 2,345,000 ikikutokea ghafla Kiswahili kinageuka treni, mabehewa hayaishi. Majina ya watu usibahatishe, piga simu kwa mtu wa huko akutamkie. Na stori zikija kwa Kiingereza usitafsiri neno kwa neno, isome yote, funga, halafu andika kama unavyomhadithia mtu kijiweni.

Zoezi ninalowapa wadogo zangu halina gharama. Chukua gazeti, vaa earphone, mpigie rafiki yako, mwambie akuhesabie kuanzia thelathini kurudi nyuma huku wewe unasoma kwa sauti, na katikati akutupie maagizo, ruka aya, rudi juu, taja saa. Usisimame, usicheke, na sentensi yako ya mwisho iishe anapotaja sifuri. Wiki ya kwanza utamtukana rafiki yako bure.