Chonga hamalizwi kwa dawa huku magogo yakiwa yamelala shambani

Liweke chini hilo bomba la dawa. Umeandika kwamba minazi yako michanga ya kitamli, ile mifupi, huko Mkuranga inatoa makuti yaliyokatwakatwa, kwamba muuza pembejeo amekuhakikishia dawa yake itammaliza mdudu, na kwamba magogo ya minazi ya zamani umeyaacha kati ya mistari yaoze yawe mbolea. Kisha ukauliza upulizie mara ngapi, upande kwa umbali gani na kama mihogo inafaa katikati. Magogo kama hayo, uliyoyataja kwa kupita tu, ndiyo yaliyoliua shamba langu.

Mdudu wako ni chonga, Oryctes monoceros, mbawakawa mweusi mwenye pembe. Usiku hutoboa hadi kwenye moyo wa mnazi na kutafuna makuti yakiwa bado yamejikunja, ndiyo maana kuti likifunguka baadaye unaliona lina pengo la umbo la V. Dawa iliyotua juu ya makuti haimfuati ndani ya tundu, wala haiwagusi mabuu, kwa sababu mabuu hawaishi juu ya mnazi ulio hai hata kidogo.

Bwana aliyeniuzia dawa mimi alifika hadi shambani, akaketi juu ya gogo mojawapo, akanywa dafu langu, akaniambia magogo ni neema kwa udongo. Alikuwa amekalia kiwanda chenyewe. Nikapulizia msimu mzima kwa mkopo wake, na nilipokuja kulipasua gogo lile kwa shoka lilikuwa limebaki ganda: ndani mlijaa ungaunga wa kahawia uliochanganyika na vinyesi vikavu, na humo mabuu weupe waliojikunja, wanene kuliko kidole gumba, wakisukasuka polepole. Kuku walikula hadi wakasusa, nao ndio pekee walionufaika na mradi ule.

Ukimkamata chonga mzima, mtazame vipapasio. Nchani vina vibamba vyembamba vinavyofunguka mithili ya kurasa za kitabu, na hivyo ndivyo anavyonusia. Harufu ya mnazi unaooza humwita atage hapo, na wanaotoka humo hawana haja ya kusafiri kutafuta chakula, kwa kuwa umewapandia miche pembeni. Mnazi nao hauna tawi la akiba. Una kichipukizi kimoja tu, na kikiliwa mti umekwisha, hasa ukiwa mchanga. Yangu ilikwisha hivyo, huku deni la dawa likiwa linastawi vizuri sana.

Basi gogo lipasuliwe mbao, au likatwe vipande, likaushwe na kuchomwa pamoja na kisiki chake, kabla hujanunua kitu kingine chochote. Lundo la samadi nalo ni nyumba ya chonga, kwa hiyo ligeuze mara kwa mara na uwaokote mabuu. Aliyekwisha kuingia utamjua kwa tundu lenye nyuzi mbichi zilizotafunwa zikichungulia nje: mchomoe kwa waya uliopindwa ndoano, kisha tia mchanga uliochanganywa na majivu kwenye makwapa ya makuti. Na kama jirani yako ana mnazi uliokufa, uliosimama bila kichwa mpakani, nenda ukamsalimie wiki hii, na shoka ulibebe.