Kipeperushi kizuri, lakini mtoto atarudi nyumbani saa ngapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili nakaa Makorora, Tanga. Mkubwa wangu anaingia darasa la kwanza Januari na baba yake kalishikia bango, anataka aende shule ya praiveti ya kutwa, ingilishi midiamu, siyo ya serikali hapa jirani. Tumepewa kipeperushi kina kila kitu, kompyuta, Kifaransa, kuogelea, skauti, kilabu ya mazingira, safari ya mapango ya Amboni. Ada milioni 1 na laki 2, basi na chakula mbali. Nikisoma naona pazuri ila moyo unasita. Nitajuaje kama yaliyoandikwa ndiyo yanayofanyika?

JIBU: Marhaba mwanangu. Huo moyo unaosita usiunyamazishe. Kipeperushi kiweke kabatini, nenda shuleni kaombe ratiba. Ratiba ya darasa la kwanza ya wiki nzima, ile iliyobandikwa ukutani darasani, siyo ya kuchapiwa wewe siku hiyo. Pale ndiyo utaona kompyuta ni kipindi kimoja au hakipo, Kifaransa kina mwalimu au kimeachwa wazi, na michezo imepangwa saa ngapi.

Nakwambia kwa sababu yamenikuta. Mjukuu wangu alisoma shule moja hivi, kipeperushi chao kilikuwa na picha ya watoto wamevaa hedifoni mbele ya kompyuta, sisi tukafurahi tukalipa, sasa mwaka mzima mtoto kaingia kile chumba mara 3 tu, nikimuuliza anasema bibi funguo anayo mwalimu mkuu. Iliniuma sana maana mama yake alikuwa anakopa kwenye kikundi ili alipe ile ada. Tangu hapo mimi shule yoyote nikienda naomba kuona madaftari. Omba daftari la mtoto wa la pili au la tatu, lolote, angalia kazi zimesahihishwa au ni vema vema tu kurasa 10 mfululizo bila mwalimu kusoma alichoandika mtoto, maana hapo ndipo ada yako inapokwenda au isipokwenda.

Halafu basi. Hili wazazi wengi wa hapa mjini hawaliulizi mpaka wameshalipa. Shule ya kutwa maana yake mtoto analala kwao, anakula na wazee wake, jioni anaenda chuo, yaani madrasa. Sasa unakuta basi linaanza kuzoa watoto Pongwe huko, linapita Kange, linazunguka Mikanjuni, wako Makorora anachukuliwa saa 11 na nusu alfajiri hajanywa hata uji, anarudi saa 11 jioni amesinzia kwenye kiti, chuo kimempita, hajacheza, na begini ana homuweki ya masomo matano. Mtoto wa miaka 6 huyo! Hiyo siyo kutwa tena, ni bweni lenye safari. Kwa hiyo uliza basi linapita kwenu la ngapi kuchukua na la ngapi kushusha, uliza kama ndani kuna matroni, na siku moja amka ulisubiri barabarani uone wanakaa wangapi kwenye siti moja. Kama kuna shule ya kawaida tu ambayo unaweza kumpeleka kwa baiskeli dakika 15, mimi ningeiangalia hiyo kwanza, na namwambia baba yake hivyo hivyo kwa heshima zote.

Mambo ya usajili ni mafupi. Kila shule ya msingi iliyosajiliwa ina namba inayoanza na EM, waombe wakuonyeshe cheti. Waulize pia wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule wa serikali, walikuja lini mara ya mwisho na waliandika nini. Kiwango cha darasa la msingi ni watoto 45, awali 25, praiveti nyingi ziko chini ya hapo na ndiyo faida yao kubwa kweli kweli, wala siyo hiyo bwawa la kuogelea.

Wakikuonyesha bango la matokeo, uliza ya mwaka gani. Tangu matokeo ya 2022 Baraza la Mitihani halitangazi tena shule 10 bora. Ingia kwenye tovuti ya Baraza, matokeo ya darasa la saba yapo shule kwa shule, angalia wastani wao kwenye zile alama 300 lakini angalia na idadi ya watahiniwa. Shule ikiwa na watoto 40 darasa la tano halafu darasa la saba wanafanya mtihani 19, jiulize wale wengine wameenda wapi. Kuna shule zinachuja, mtoto hafikishi wastani waliojiwekea wanamkaririsha au wanamwambia mzazi atafute pengine, na mimi hili nalichukia, maana aliyelipiwa ada ili afundishwe ndiyo huyo huyo anayefukuzwa kwa kutojua.

La mwisho mama, uliza mtoto akiongea Kiswahili shuleni anafanywa nini. Wapo wanaowavalisha watoto kibao shingoni. Kiingereza ajifunze, tena ajifunze vizuri, lakini kwenye mtihani wa darasa la saba Kiswahili kina alama 50 sawasawa na Kiingereza, na sisi ni watu wa Tanga, Shaaban Robert kazaliwa hapa hapa Vibambani, haiwezekani mtoto wetu aone haya ya lugha ya bibi yake.

SWALI: Mwalimu habari, mimi baba wa Chumbageni. Kijana wangu yuko darasa la pili, mimi na mke wangu tunatoka kazini usiku. Naweza kumpata shule ya bweni? Na kaka yake alikuwa la tatu mwaka 2024, je yeye atamaliza la sita au la saba?

JIBU: Salama baba. Bweni kwa la pili hapana, Kamishna wa Elimu alitoa waraka mwaka 2023 unaokataza bweni kuanzia awali hadi darasa la nne, kwa hiyo atakayekwambia analo, mwogope. Tafuta ya kutwa ambayo baada ya masomo watoto wanabaki na mwalimu wa zamu, au zungumza na shangazi, jirani, mtu unayemwamini ampokee, umlipe kitu. Msimwachie dereva wa bodaboda peke yake.

Huyo mkubwa atamaliza la sita mwaka 2027. Mtaala mpya, ambao shule ya msingi inaishia la sita, ulianza Januari 2024 kwa awali, la kwanza na la tatu, ndiyo maana 2027 watoto wa la sita na wa la saba wanamaliza pamoja na wote wanagombania kidato cha kwanza mwaka mmoja. Kama una mpango wa sekondari ya praiveti anza kuulizia nafasi mapema, usingoje Desemba ya mwaka huo.