Mapigo ya asubuhi peke yake yatakudanganya

Umeuliza kama mapigo ya moyo ya asubuhi yanatosha kujua mwanamieleka amepona uchovu wa mazoezi kambini. Yanasaidia, ila si peke yake. Ayahesabu akiwa bado amelala, dakika nzima, na wastani wa wiki ya mazoezi mepesi ndio uwe kipimo chake. Yakizidi wastani huo kwa mapigo 7 hadi 10 siku mbili mfululizo, punguza raundi za kukabana, bakiza mbinu.

Tatizo la mieleka ni kukata uzito, yaani kuupunguza haraka kabla ya pambano. Aliyekaukiwa maji mapigo hupanda hata kama misuli imepona, kwa hiyo mpandishe mizani asubuhi hiyohiyo. Akiwa amepungua zaidi ya asilimia 2 tangu jana na mkojo ni njano iliyokolea, mpe maji na chumvi kwanza, kisha pima upya kesho.

Mzigo wa mazoezi nao uandike: nusu saa baada ya zoezi muulize ugumu, 0 hadi 10, zidisha kwa dakika. Dakika 90 kwa ugumu wa 8 ni mzigo wa 720. Muulize faragha, mbele ya wenzake kila mmoja husema "poa tu, kocha".

Mkojo wa rangi ya kola na misuli iliyovimba? Hospitali leo hii, figo ziko hatarini.