Tuchangishe vipi hela ya vyoo vya shule kwa bahati nasibu na mnada wa kimya?

SWALI
Shikamoo anti. Mi ni mzazi, niko kwenye kamati ya shule ya msingi huku Kibosho, tumejenga vyoo vya watoto mpaka kwenye lenta hela ikakata, imebaki kama milioni tatu na nusu hivi. Harambee tumeshafanya mbili, saa hizi ukipita na daftari la michango mtu akikuona kwa mbali anajifungia ndani. Kuna mama kasema tufanye bahati nasibu na mnada wa kimya, eti watu wanaandika bei kwenye karatasi hakuna kelele. Hii kitu inafanyikaje, na itatulipa kweli?
Mzazi, Kibosho

JIBU
Marahaba mwanangu. Mnada si mnaujua tayari, ule wa jumapili baada ya ibada, mkungu wa ndizi, trei ya mayai, watu wanapandishiana mpaka jogoo anauzwa bei ya beberu. Huu wa kimya kila kitu kinakaa mezani na karatasi yake, juu mmeandika bei ya kuanzia na kiasi cha chini cha kuongeza, anayetaka anaandika namba mliyompa mlangoni pamoja na dau lake, mwingine akija anaandika la juu zaidi, muda ukiisha kengele inalia kalamu zinakusanywa na dau la mwisho ndio limechukua. Namba sio jina, hapo ndio utamu ulipo, maana mtu hataki kumpiku shemeji yake mbele za watu ila kwa namba atampiku hata mara tano. Bei ya kuanzia wekeni nusu ya bei ya dukani au chini yake kidogo, mkianza juu karatasi inabaki nyeupe na karatasi nyeupe kila mtu anaipita tu.

Vitu msinunue hata kimoja, ombeni. Na msing'ang'anie vitu tu, hapo kwenu hamkosi mzazi anayepeleka wageni mlimani, huyo atoe siku moja ya kutembeza familia Materuni, maporomoko na kahawa, fundi cherehani atoe kushona gauni, mwenye pikapu atoe tripu moja ya mchanga. Hivyo havimgharimu sana anayetoa ila wa mjini anavigombania.

Na ndio maana mi nasema fanyeni tarehe 27 au 28 Desemba. Wachaga wote wako nyumbani, Krismasi imeisha, nauli ya kurudi Dar bado iko mfukoni (samahani jamani ila ni kweli). Wameshachangia kipaimara na harusi wamechoka, lakini hapa haombwi mtu, anaondoka na kitu chake.

Bahati nasibu ni habari nyingine. Kisheria huo ni mchezo wa kubahatisha hata kama zawadi ni godoro na hela ni ya vyoo, mambo hayo yako chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kwa sheria ya 2003, kwa hiyo kabla ya kuchapa tiketi hata moja andikeni barua bodi, muulize kuhusu kibali. Watoto wasiuze wala wasinunue, ni kuanzia miaka 18. Alafu msipige hesabu kwa tiketi mlizochapa, tiketi 1,000 za shilingi 2,000 ni milioni mbili kwenye daftari tu, zikiuzwa nusu ni milioni moja. Sisi mwaka wa kwanza vipande vya tiketi vya kitabu kizima vilibaki kwenye mkoba wa mtu nyumbani, droo ikachezwa bila hivyo, mshindi keshashangiliwa ndio tukagundua, ikabidi turudie, yule wa kwanza mpaka leo hatusalimii. Kila kitabu kiwe na namba na jina la aliyekichukua, na kirudi kabla ya droo hata kama hajauza.

Kibali kikichelewa acheni bahati nasibu, fanyeni mnada peke yake. Hela yote iingie akaunti ya shule siku hiyohiyo, mtu asichukue kitu mpaka alipe, ahadi ndio zilizowakwamisha kwenye lenta nadhani. Na beberu mfungeni mbali na meza, letu lilikula karatasi yenye dau la laki moja na themanini.