Mayai ya omega-3 kwa mtoto: yanafaa bei yake?

Mama, umeuliza kama inafaa kulipa zaidi mayai ya dukani hapa Bukavu yenye omega-3 (aina ya mafuta yenye faida mwilini), kwa mtoto wako wa miaka miwili. Usijinyime kwa ajili ya mayai hayo.

Yai hilo linatajirishwa kupitia chakula cha kuku: akilishwa mbegu za kitani, mafuta ya samaki au mwani, omega-3 inaongezeka ndani ya kiini. Hilo ni kweli, na ubongo wa mtoto unaihitaji. Lakini protini inabaki ileile, karibu gramu 6, na vitamini B12 imo hata katika yai la kawaida. Kiini chekundu kisikudanganye. Rangi inatoka kwa mahindi ya njano na majani.

Omega-3 tunayo ziwani, mama! Kausha sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wasage pamoja na mifupa, changanya katika uji au sombe (majani ya muhogo): anapata na kalsiamu. Pesa inayobaki nunua mayai ya kawaida, uyachemshe mpaka kiini kigande, umpe moja kila siku. Mayai ya bei kali ningeyafikiria tu kama mtoto hali samaki kabisa.