Wakili Anajibu: Fleti nimelipia, jina bado la muuzaji

SWALI: Shikamoo wakili. Mwaka jana nilinunua fleti katika jengo la ghorofa nne hapa Nyegezi, Mwanza, kutoka kwa mzee mmoja aliyekuwa akiishi humo na mkewe. Tuliandikiana mkataba mbele ya wakili, nikalipa karibu fedha yote, nikabakiza shilingi 3,000,000 hadi uhamisho utakapokamilika. Sasa kamati ya umoja wa wamiliki inakataa kuniandika kwenye daftari lake mpaka nilipe “ada ya uhamisho” ya shilingi 2,000,000, pamoja na michango ya ulinzi na pampu ya maji ambayo muuzaji hakuilipa kwa zaidi ya mwaka. Kwenye ubao ulio chini ya ngazi, fleti namba 7 bado ina jina la mzee, na mwezi uliopita walinifungia koki ya maji. Katibu anasema bila barua yao mimi si mmiliki. Je, ni kweli?
Mnunuzi, Nyegezi

JIBU: Marahaba. Katibu wenu amechanganya mambo mawili, na inaelekea wewe nawe umeanza kumwamini. Daftari la umoja ni la kuendeshea jengo: nani aitwe kikaoni, nani adaiwe mchango, nani apige kura. Umiliki wa fleti unathibitishwa na rejesta ya Msajili wa Hati, chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, na uhamisho wowote wa ardhi iliyosajiliwa hukamilika pale unaposajiliwa huko. Kwa hiyo hata kamati ikikuandika kesho kwa wino mwekundu, kama rejesta bado ina jina la mzee, mbele ya sheria mmiliki ni mzee.

Kabla ya kugombana na kamati, basi, nenda ofisi ya Ardhi ukaombe upekuzi rasmi, yaani wakutazamie kwenye rejesta nani ameandikwa kuwa mmiliki. Hapo ndipo penye hatari yako kubwa kuliko hizo milioni mbili. Tangu mwaka 2008 tunayo sheria maalumu ya umiliki wa sehemu za majengo, ambayo inaruhusu kila fleti kuwa na hati yake na wamiliki wote kuwa na umoja wenye hadhi ya kisheria. Lakini yapo majengo ambayo aliyeyajenga aliuza fleti moja moja bila kusajili mgawanyo, na kiwanja chote kikabaki na hati moja yenye jina lake. Upekuzi ukionyesha kwamba fleti namba 7 ina hati yake kwa jina la mzee, uko salama na kilichobaki ni hatua za kawaida. Ukionyesha hati moja ya jengo zima, mzee amekuuzia haki ambayo mwenyewe alikuwa bado anamdai mjenzi, na itabidi nyote wawili mumfuate huyo mjenzi. Barua ya kamati haitasaidia chochote.

Tuseme hati ipo. Mzee anapaswa kulipa kodi ya mapato inayotokana na faida ya mauzo, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10 ya faida hiyo kwa mkazi wa nchi, na kupata cheti cha Mamlaka ya Mapato (TRA), kwa sababu bila cheti hicho Msajili hatapokea maombi yenu. Wewe utalipa ushuru wa stempu, takriban asilimia 1 ya thamani. Hati ya uhamisho isiyolipiwa ushuru huo haipokelewi mahakamani kama ushahidi, nao hutakiwa kulipwa ndani ya siku 30 tangu hati iliposainiwa. Umetaja kwamba mzee alikuwa akiishi humo na mkewe. Je, mama huyo alisaini? Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kama ridhaa yake haimo kwenye makaratasi yako, itafute wiki hii wakati bado mnasalimiana vizuri.

Kuhusu ada ya uhamisho, iandikie kamati barua ya ukurasa mmoja ukiomba nakala ya kifungu cha kanuni za umoja kinachoianzisha na muhtasari wa mkutano ulioipitisha. Kanuni za ndani zipo kwa ajili ya matumizi na matunzo ya jengo, na kamati ya watu watatu haiwezi kukaa jioni barazani ikajitungia tozo. Wakikuonyesha kifungu kilichopitishwa na wamiliki wote, tunaweza kujadili kiasi, wakishindwa, hudaiwi.

Michango ya nyuma ni habari nyingine, na hapo siko upande wako moja kwa moja. Mlinzi alilipwa na pampu ilisukuma maji hadi kwenye tangi la juu huku majirani wakibeba sehemu ya mzee. Deni la namna hiyo haliondoki na gari lililobeba vyombo vya muuzaji. Bahati nzuri umeshika shilingi 3,000,000 zake. Omba umoja ukupe mchanganuo wa deni mwezi kwa mwezi, umpelekee mzee, mkubaliane kwa maandishi kwamba utalilipa na kulikata kwenye salio lake, kisha udai risiti yenye namba ya fleti. Ukimaliza hilo, kamati haitakuwa na sababu ya kuendelea kufunga koki, na ikiendelea, itakuwa imejitengenezea kesi yenyewe.

Likishindikana kabisa, anzia Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza hilo husuluhisha tu, halitoi hukumu; likishindwa kuwapatanisha ndani ya siku 30, unaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

SWALI: Mimi ni mwanachama wa chama cha ushirika wa nyumba wilayani Ilemela. Nataka kumuuzia shemeji yangu nyumba ninayoishi, lakini bodi inasema lazima iidhinishe kwanza. Mwenzenu wa Nyegezi ana umoja, mimi nina chama. Kuna tofauti?
Mwanachama, Ilemela

JIBU: Ipo, tena kubwa. Ikiwa ardhi imesajiliwa kwa jina la chama, wewe unamiliki hisa na haki ya kuishi humo, na shemeji hawezi kuipata haki hiyo bila kwanza kuwa mwanachama kwa utaratibu wa masharti ya chama. Hapa bodi ina haki ya kuulizwa. Haina haki ya kunyamaza. Peleka ombi kwa maandishi, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, na uombe jibu lenye sababu. Vyama hivi vinaongozwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, inayotaka migogoro ianze kwa mazungumzo. Yakigonga mwamba, nenda kwa Mrajis Msaidizi wa vyama vya ushirika wa mkoa ukiwa na masharti ya chama, kumbukumbu za hisa zako na nakala ya ile barua yenye muhuri. Shemeji asikulipe hata senti kabla ya hapo.